MOT (ukaguzi wa gari wa kila mwaka) ikiisha, bima ya gari haifi: wanayoambizana madereva wetu Uingereza

"MOT imeisha? Basi hata bima huna." Maneno haya yanawaumiza watu wetu kuliko faini yenyewe. Mtu anagongwa, makosa si yake, lakini kwa kuwa MOT iliisha wiki mbili zilizopita, anaogopa kudai, anajitengenezea gari kwa hela yake.

Ukweli ni kwamba bima haijifuti. Kifungu cha 148 cha Sheria ya Barabara ya mwaka 1988 hakiruhusu kampuni kumnyima fidia mtu uliyemgonga kwa kisingizio cha hali ya gari lako, ingawa baadaye inaweza kukudai wewe ilichomlipa.

Na gari lako mwenyewe, kama una bima kubwa? Kanuni za FCA, msimamizi wa kampuni za bima, zinaikataza kampuni kumkatalia mteja wa kawaida kwa sharti alilovunja ambalo halihusiani na ajali. Umesimama kwenye taa nyekundu, mwenzako anakuvaa kwa nyuma: MOT yako inaingiaje hapo? Ila kama ni wewe uliyeteleza kwenye mvua na tairi zako ni vipara, chini ya milimita 1.6 zinazotakiwa, kampuni ina hoja. Tena gari likiharibika kabisa, wanaweza kushusha thamani yake kwa sababu halikuwa na MOT. Ukiona umeonewa, lalamika kwanza kwa kampuni, kisha peleka kesi Financial Ombudsman Service, msuluhishi wa wateja na kampuni za fedha na bima. Ni bure.

"Basi niendeshe tu hadi mshahara utoke." Hapana, tafadhali. Faini inafika pauni 1,000, na kamera za barabarani zinasoma namba ya gari bila trafiki kukusimamisha. Safari inayoruhusiwa ni ya kwenda kwenye ukaguzi uliokwisha kuweka miadi, au kupeleka gari lililofeli likatengenezwe. Hata hapo, gari bovu la hatari ni kosa.

"Nikipima mapema napoteza siku zangu." Hupotezi. Ukipima ndani ya mwezi mmodi kasoro siku moja kabla ya kuisha, tarehe yako ya mwaka ujao inabaki ileile.

Wengine wanalala usingizi kwa kuwa cheti kipo. Cheti kinasema gari lilikuwaje siku ya ukaguzi. Breki zikiisha miezi sita baadaye, hakitakutetea, si kwa polisi wala kwa kampuni ya bima.