Ada ya usajili inasomwaje: kutoka vitabu vya Juventus hadi fungu la Simba

Dirisha la usajili likifunguliwa, namba huanza kurushwa kila upande na mashabiki hukesha wakibishana kama mchezaji fulani anastahili milioni 80 au milioni 100. Mimi namba hiyo huiweka kando kwanza. Nataka kujua mkataba ni wa miaka mingapi, mshahara ni kiasi gani, na klabu inayonunua inaingiza pesa ngapi kwa mwaka. Nikishapata hayo matatu, ndipo ada inapoanza kuwa na maana.

Mfano unaofundisha zaidi ni Cristiano Ronaldo kwenda Juventus mwaka 2018. Juventus iko kwenye soko la hisa, hivyo ililazimika kutangaza namba zake: ada ya euro milioni 100, gharama za ziada za takriban milioni 12, mkataba wa miaka minne. Mhasibu wa klabu haandiki matumizi ya milioni 112 siku mchezaji anaposaini. Anazigawa kwa miaka ya mkataba, kwa hiyo kila mwaka vitabu hubeba milioni 28. Juu yake unaweka mshahara. Ulioripotiwa ni euro milioni 31 kwa mwaka baada ya kodi, na ukiirudisha kodi ya Italia, gharama kwa klabu inavuka milioni 50. Basi Ronaldo aliigharimu Juventus karibu milioni 80 kila msimu. Hiyo ndiyo bei ya kulinganisha na mapato ya klabu.

Agosti 2021 Manchester United wakamchukua kwa euro milioni 15, pamoja na nyongeza ya hadi milioni 8 kulingana na mafanikio. Miaka mitatu ilikuwa imepita, kwa hiyo milioni 84 zilikuwa zimeshahesabiwa na vitabuni zilibaki takriban 28. Ukiuza kwa 15 kitu ambacho vitabu vinasema ni 28, umepata hasara hata kama pesa zimeingia mfukoni. Juventus walitangaza hasara ya takriban milioni 14. Sisi tunapata 13 kwa sababu tumetumia namba za duara. Hata hivyo uuzaji ule ulikuwa wa busara, maana klabu iliondokewa na mshahara wa zaidi ya milioni 50 kwa mwaka uliobaki.

Vitabu na pesa taslimu ni mambo mawili, na wengi huyachanganya. Juventus waligawa gharama ya Ronaldo kwa miaka minne vitabuni, lakini Real Madrid, waliomuuza, walitakiwa kulipwa ndani ya miaka miwili. United nao waliruhusiwa kulipa zile milioni 15 kwa awamu za miaka mitano. Klabu inayosubiri awamu zake inaweza kwenda benki, ikauza deni hilo kwa punguzo ili ipate taslimu leo. Ndiyo maana utakuta klabu ina faida nzuri kwenye ripoti yake, na papo hapo inahangaika kutafuta pesa za mishahara ya mwezi.

Kama gharama inagawanywa kwa miaka ya mkataba, kuna ujanja ulio wazi: ongeza miaka. Chelsea walifanya hivyo. Enzo Fernández alitoka Benfica mwanzoni mwa 2023 kwa pauni milioni 106.8, mkataba wa miaka minane na nusu. Kila mwaka vitabu vikabeba takriban milioni 12.6. Kwa mkataba wa miaka mitano ingekuwa zaidi ya 21. Uefa ilifunga mlango huo mwaka huohuo wa 2023 na klabu za Ligi Kuu ya England zikafuata Desemba. Mkataba unaweza kuwa mrefu utakavyo, lakini kwenye hesabu za kanuni ada hugawanywa kwa miaka isiyozidi mitano.

Mtego wa mkataba mrefu hujitokeza mchezaji anaposhindwa. Chukua ada ya milioni 80. Kwa mkataba wa miaka mitano, baada ya misimu mitatu vitabuni zimebaki 32. Kwa miaka minane zimebaki 50. Sasa tafuta mnunuzi wa mchezaji aliyepoteza kiwango kwa milioni 50. Humpati. Ukimuuza kwa 30 unaandika hasara ya 20 mwaka huohuo, na ukimtoa kwa mkopo unaendelea kubeba gharama yake. Naye mchezaji hana haraka, mshahara wake una miaka mitano mingine.

Upande wa pili wa hesabu hii ni mchezaji aliyelelewa na klabu yenyewe. Hakununuliwa, kwa hiyo thamani yake vitabuni ni sifuri, na kila pauni ya ada yake inaandikwa kama faida ya mwaka huo. Klabu ikimuuza kijana wake kwa milioni 35 na siku hiyohiyo ikanunua mwingine kwa milioni 35 kwa mkataba wa miaka mitano, mfukoni hakuna kilichobadilika. Vitabuni imeingiza 35 na kutumia 7. Imejiongezea nafasi ya milioni 28 chini ya kanuni za hasara.

Kwa klabu nyingi za England vitabu hufungwa tarehe 30 Juni, na mwaka 2024 kanuni ya PSR, ile ya kubana hasara za klabu, iliruhusu hasara isiyozidi pauni milioni 105 kwa miaka mitatu. Hapo ndipo unapoelewa msukosuko wa Juni 2024: Newcastle wakamuuza Elliot Anderson, kijana wao, kwenda Nottingham Forest kwa takriban milioni 35, Ian Maatsen akatoka Chelsea kwenda Aston Villa, na Omari Kellyman akatoka Villa kwenda Chelsea. Usajili huo ulisukumwa na kalenda ya wahasibu kuliko mahitaji ya makocha.

Forest wenyewe walikuwa wameshaonja adhabu. Kikomo chao hakikuwa 105, kwa sababu miaka miwili kati ya mitatu walikuwa Championship, daraja la pili la England, ambako kilichoruhusiwa kilikuwa milioni 13 kwa mwaka badala ya 35. Kwao ilikuwa 13 na 13 na 35, jumla 61, nao wakakivuka kikomo hicho kwa milioni 34.5. Walikuwa na Brennan Johnson, zao la akademi yao, na walimuuza kwenda Tottenham kwa takriban milioni 47.5. Ada hiyo peke yake ingewaokoa. Tatizo, alisaini Tottenham tarehe 1 Septemba 2023, miezi miwili baada ya vitabu kufungwa. Forest walijitetea kwamba kusubiri kuliwapatia bei nzuri zaidi. Utetezi haukukubaliwa, wakakatwa pointi 4. Msimu huohuo Everton walikatwa jumla ya pointi 8 kwa makosa ya aina hiyo. Naiona kasoro kubwa hapa: kanuni iliyowekwa kulinda klabu inazisukuma kuuza kwanza vijana wa nyumbani, wale ambao mashabiki wanawapenda zaidi.

Hispania utaratibu ni tofauti. England huacha utumie kisha inakuadhibu; La Liga huweka kikomo cha gharama za kikosi kabla, na usipokuwa na nafasi mchezaji hasajiliwi. Lionel Messi aliondoka Barcelona Agosti 2021 kwa sababu hiyo. Pande zote mbili zilitaka abaki, nafasi ya kumsajili haikuwepo.

Barcelona walikuwa wamefikaje huko? Rudi Agosti 2017. Kwa sheria ya Hispania mchezaji anaweza kuvunja mkataba wake kwa kulipa kiasi kilichoandikwa, na cha Neymar kilikuwa euro milioni 222. Kiasi hicho hulipwa chote kwa mkupuo, bila awamu. Paris Saint-Germain walilipa. Barcelona wakabaki na milioni 222 taslimu na pengo kikosini, na kila klabu Ulaya ikajua. Ukienda sokoni huku kila muuzaji anajua una pesa na una shida, bei hupanda kabla hujaiuliza. Ousmane Dembélé akanunuliwa kwa milioni 105 pamoja na nyongeza, na Januari 2018 Philippe Coutinho akatoka Liverpool kwa kiasi kikubwa zaidi. Agosti 2020 Coutinho, akiwa Bayern kwa mkopo, aliifunga Barcelona mabao mawili katika kipigo cha 8-2. Liverpool nao walikuwa wameshatwaa Ligi ya Mabingwa ya 2019.

Mchezaji huru, aliyemaliza mkataba wake, naye asikudanganye. Kylian Mbappé alipokwenda Real Madrid mwaka 2024 ada ilikuwa sifuri, lakini bonasi ya kusaini iliyoripotiwa ilizidi euro milioni 100. Pesa zilizokuwa ziende kwa klabu zinaenda kwa mchezaji na wawakilishi wake. Klabu yenye nidhamu ya mishahara bado inaweza kufaidika na njia hii, na sijaona mfano mzuri kuliko Inter. Hakan Çalhanoğlu, Henrikh Mkhitaryan na Marcus Thuram wote waliingia bila ada. André Onana aliingia hivyohivyo 2022, akadaka fainali ya Ligi ya Mabingwa 2023, kisha akauzwa United kwa takriban euro milioni 50, karibu zote faida. Inter walifika tena fainali 2025, wakalala 5-0 mbele ya PSG.

PSG hao walichukua kombe lile baada ya Neymar, Messi na Mbappé wote kuondoka. Kwa hiyo ukiniuliza ligi ipi ina nguvu, sitakupa orodha ya nyota. Nitakuambia tazama timu ya kumi na tano.

Katika msimu wa 2023/24, Sheffield United walimaliza mkiani mwa Ligi Kuu ya England na bado wakapata zaidi ya pauni milioni 100 kutoka mgao wa ligi. Linganisha na Ufaransa: mkataba wa haki za televisheni wa Mediapro ulivunjika 2020, na ule wa DAZN uliosainiwa 2024 ulikuwa wa takriban euro milioni 400 kwa mwaka, za kugawana klabu 18, nao ukafa baada ya msimu mmoja. Klabu ya katikati ya msimamo Ufaransa lazima iuze mchezaji wake bora kila Juni ili vitabu vifunge. Klabu ya katikati England ndiyo inayomnunua. Tofauti ya kina cha vikosi inaanzia hapo.

Fainali ya Europa League 2025 ilionyesha jambo hilo wazi. Tottenham waliifunga Manchester United 1-0 mjini Bilbao. Kwenye ligi yao Tottenham walimaliza wa 17 na United wa 15. Timu zilizomaliza karibu na mkia nyumbani ziliwapita wote wa nchi nyingine katika kombe la pili la Ulaya. Uefa yenyewe hupima ligi kwa njia inayofanana: pointi za klabu zote za nchi hujumlishwa na kugawanywa kwa idadi ya klabu hizo, kwa hiyo bingwa mmoja haibebi nchi. Nchi mbili bora za msimu hupata nafasi ya ziada Ligi ya Mabingwa. Mwaka 2024 zilikuwa Italia na Ujerumani, England wakaikosa. 2025 zilikuwa England na Hispania. Pesa zinanunua wastani mzuri, lakini haziwapi ushindi kila mwaka.

Na utajiri huo una majeraha yake ndani. Timu tatu zilizopanda England 2023 zote zilishuka 2024, na tatu zilizopanda 2024 zote zilishuka 2025.

Nirudi kwenye zile milioni 12 za ziada za Juventus, kwa sababu ndani yake mlikuwemo mchango wa mshikamano wa Fifa, na huo unatuhusu sisi Afrika Mashariki moja kwa moja. Mchezaji akihama kimataifa kwa ada, asilimia 5 huenda kwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15 ni asilimia 0.25 ya ada. Kuanzia 16 hadi 23 ni asilimia 0.5.

Mbwana Samatta alizaliwa Desemba 1992. Genk walipomuuza Aston Villa Januari 2020, ada iliyoripotiwa ilikuwa takriban pauni milioni 8.5. Kwa kanuni hii, msimu wake mmoja Simba ni asilimia 0.5, yaani pauni 42,500. TP Mazembe walikuwa naye kuanzia 2011 hadi Januari 2016, misimu minne na nusu ndani ya umri unaohesabika: asilimia 2.25, zaidi ya pauni 190,000. African Lyon, iliyokuwa Mbagala Market, nayo ina fungu kwa kila msimu aliosajiliwa huko.

Zamani klabu ililazimika kudai yenyewe, na muda wa kudai ulikuwa miaka miwili. Tangu Novemba 2022 malipo hupitia kituo maalumu cha Fifa mjini Paris, kinachotumia pasipoti ya kielektroniki ya mchezaji. Pasipoti hiyo hujengwa kutokana na usajili ulio kwenye mfumo wa shirikisho. Akademi inayochezesha watoto bila kuwasajili TFF (Tanzania) au FKF (Kenya) haionekani humo. Jina lililoandikwa tofauti kwenye fomu mbili, au tarehe ya kuzaliwa iliyobadilishwa ili mtoto acheze mashindano ya umri mdogo, hukata mnyororo. Kwa hiyo sajili kila mtoto kuanzia miaka 12 kwa jina la cheti cha kuzaliwa, andika tarehe ya kuingia na ya kutoka, na tunza nakala ya kila fomu. Mchezaji akihama katikati ya msimu, fungu la msimu huo hugawanywa kulingana na tarehe hizo.