Kurisiti kemia hakufuti cheti cha kwanza

Huku Mbeya, kuanzia Mwanjelwa mpaka Uyole, bado watu wanaambiana eti ukirisiti kemia, yaani ukirudia mtihani wa kidato cha nne, ukashuka basi ile D yako ya mwanzo imekwenda na maji. Jamani hapana. NECTA, yaani Baraza la Mitihani, wanakuandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea, kwa namba mpya, unafanya hata somo moja tu, na cheti cha kwanza kinabaki vilevile.

Cha kujiuliza ni unataka kusoma nini, maana D inaanzia 30 na C inaanzia 45, kwa hiyo mwenye 43 na ndoto ya PCB (fizikia, kemia na baiolojia kidato cha tano) namwambia arisiti, arudi kwenye mada za mole na taitresheni, ila kama kozi yako inakubali D, mdogo wangu, omba chuo mwaka huuhuu.