Uzi unaojitatua wenyewe

Juzi nilikuwa Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, nikimwangalia mzee mmoja akitatua mshipi uliojisokota ndani ya ndoo. Akaniuliza kazi yangu hasa ni ipi. "Kama hiyo yako, mzee," nikamwambia, "ila nyuzi zangu hazionekani kwa macho." Akacheka. "Sasa unazitatuaje, mwanangu?"

Polima ni mnyororo wa molekuli ndogo zilizoungana kwa maelfu. Hata nailoni ya mshipi wake ni minyororo hiyo. Mnyororo mmoja ukiwa ndani ya kimiminika haukai umenyooka: molekuli za kimiminika zinaupiga kikumbo kila upande, nao unajikunja. Unajikunja kiasi gani? Hapo anayeamua ni kimiminika.

Chukua mnyororo wa pingili, yaani zile molekuli ndogo, 10,000. Ukielewana na kimiminika, pingili hukwepana, nao hutanuka kuwa bonge legevu lenye upana wa pingili 250 hivi. Hiyo ni hesabu ya Paul Flory, aliyepata Nobel ya kemia mwaka 1974. Usipoelewana nacho, pingili hukimbiliana zenyewe kwa zenyewe, na mnyororo wote hushindiliwa kama tonge la ugali, upana wake pingili 22 tu. (Nimekadiria; wakemia wenzangu mnisamehe.) Kwa ujazo, umepungua zaidi ya mara elfu, na hakuna pingili hata moja iliyokatika.

Mara nyingi baridi ndiyo inayoukunyata. Polistirini, aina ya plastiki, ndani ya kimiminika kiitwacho sikloheksani huanza kujikusanya ikipozwa chini ya nyuzijoto 34 hivi. Ila polima ninayoipenda mimi ni mbishi. Inaitwa poli-isopropilakrilamaidi, na kwenye maji ya ziwa letu ingetulia imetanuka. Pasha maji yapite nyuzijoto 32, ghafla yanageuka meupe kama maziwa. Kwenye ubaridi, molekuli za maji hujipanga kwa utaratibu kuzunguka zile sehemu za mnyororo zisizopenda maji. Joto likizidi, utaratibu ule haudumu: maji yanaziachia, sehemu hizo zinakumbatiana, kisha matonge yenyewe yanagandana. Weupe unaouona ndio huo.

Nikamweleza mzee kwamba nikitaka kuzitatua, napoza chupa. Weupe unaondoka, kila uzi unafunguka.

"Bila kugusa?"

"Bila kugusa."

Akaniangalia kidogo, akarudi kwenye ndoo yake kutafuta ncha.