Je, wajua kwa nini mvuvi wa sangara hapangi bei ya samaki wake?

Katika mialo mingi ya Ziwa Victoria, yaani fukwe ambako wavuvi hushushia samaki, kuanzia Igombe hadi visiwa vya Ukerewe na Kome, sangara hununuliwa kwa kilo, na bei ya kilo hiyo mvuvi huisikia tu kutoka kwa mnunuzi. Yeye ndiye aliyekesha majini, na samaki wake ni bidhaa inayotafutwa hadi Ulaya. Kwa nini, basi, mwenye mali ndiye asiye na kauli juu ya mali yake? Wengi hujibu haraka kwamba viwanda vinawanyonya wavuvi, au kwamba mzungu ndiye anayepanga bei. Majibu hayo yana ukweli ndani yake, lakini yanaruka hatua mbili zilizo karibu zaidi na mvuvi mwenyewe, nazo ni barafu na deni.

Tuanze na barafu. Sangara aliyetolewa majini alfajiri huanza kuharibika ndani ya saa chache kwa joto letu, na kiwanda cha minofu hakipokei samaki aliyelainika. Mwenye barafu anaweza kukusanya samaki kisiwani, kuwahifadhi siku kadhaa na kuwasafirisha hadi Mwanza mjini wakiwa bado imara. Asiye nayo hana budi kuuza pale pale, kwa yeyote aliyekuwapo, kabla jua halijawa kali. Katika mazingira hayo mazungumzo ya bei hayawezi kuwa ya watu walio sawa, kwa sababu mmoja anaweza kusubiri na mwingine hawezi. Barafu hutengenezwa mjini, penye umeme wa uhakika na mtaji, na huletwa kwa boti za mawakala ambao ndio wanaorudi na samaki.

Deni ndilo linalokamilisha hali hii. Mtumbwi, injini, mafuta na nyavu za sangara ni gharama kubwa, na nyavu hasa huchanika na huibwa ziwani. Kwa kuwa benki haioni dhamana katika mtumbwi wa mbao, mwenye mtumbwi hukopeshwa nyavu au mafuta na wakala, ambaye mara nyingi naye amepewa fedha na kiwanda. Sharti la mkopo huo ni kwamba samaki wote wauzwe kwa aliyekopesha. Asubuhi, sangara wanapowekwa kwenye mizani, karani hutaja kilo na kuziandika katika daftari, kisha deni la mafuta na la barafu hukatwa papo hapo. Kinachobaki ndicho kinachogawanywa, kwa kawaida nusu kwa mwenye chombo na nusu kwa wavuvi waliokuwa ndani yake, kila mmoja akipata sehemu yake ya nusu hiyo. Bei ikishuka kwa sababu yoyote ile, pengo huanza kuonekana kwa watu hao wa mwisho, ambao hawamiliki chombo wala nyavu, na ambao jina lao halimo hata katika daftari.

Hali haikuwa hivi tangu zamani. Sangara hakuwa samaki wa ziwa hili. Alipandikizwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, akaongezeka kwa kasi kubwa katika miaka ya 1980, na furu, samaki wadogo wa asili waliokuwa wa aina mamia, wakapungua mno huku aina nyingi zikitoweka kabisa. Katika miaka ile ya mwanzo ya wingi, sangara alikuwa samaki wa soko la kwetu, na akina mama wengi walimnunua mwaloni, wakamkaanga au wakambanika, wakauza. Viwanda vya minofu vilipoanza kujengwa Mwanza mwanzoni mwa miaka ya 1990, ushindani wa bei uliwaondoa sokoni, na kilichowabakia wengi wao ni mapanki, yaani kichwa na mifupa inayobaki baada ya minofu kukatwa. Baadaye, kati ya 1997 na 1999, Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa ziwa hili mara kadhaa kwa hoja za usafi, za kipindupindu na za hofu ya uvuvi wa sumu. Serikali za nchi zetu tatu, Tanzania, Kenya na Uganda, zilijibu kwa kujenga ukaguzi wa kweli, na maabara ya samaki iliyopo Nyegezi ni sehemu ya kazi hiyo. Yalikuwa mageuzi ya lazima na yalifaulu, kwani soko lilifunguliwa tena. Hata hivyo, kila sharti jipya la usafi lilizidisha umuhimu wa barafu, na hivyo likamwongezea nguvu yule ambaye tayari alikuwa nayo.

Mageuzi yaliyofuata yalihusu uhai wa samaki wenyewe. Sheria ya uvuvi ya mwaka 2003, kanuni zake, pamoja na vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi ambavyo mialoni huitwa BMU, vilikusudia kukomesha makokoro, yaani nyavu za kukokota, na nyavu za macho madogo. Ukubwa wa sangara aliyeruhusiwa kuchakatwa uliwekwa kati ya sentimita 50 na 85, ili wadogo wapate kukua na wakubwa, ambao wengi wao ni majike wazazi, waendelee kutaga. Mwaka 2018 ikaja Operesheni Sangara, msako wa serikali dhidi ya uvuvi haramu, na nyavu haramu zikateketezwa kwa moto. Sipingi lengo lake hata kidogo, kwa sababu ziwa lisilo na samaki halitamlisha tajiri wala maskini. Lakini sangara aliyenaswa katika nyavu mara nyingi huwa amekwisha kufa anapovutwa, kwa hiyo kumrudisha majini hakumsaidii yeye wala kizazi chake, na mvuvi mwenye deni la mafuta ya usiku huohuo atamuuza kwa njia ya kificho, tena kwa bei mbovu zaidi. Anayechomewa nyavu alizokopeshwa hubaki na deni lake lote, na njia ya haraka ya kulilipa ni kukopa nyavu nyingine. Hapa ndipo ukosefu wa usawa unapogeuka kuwa adui wa maendeleo endelevu: kumwachia samaki akue ni kuweka akiba, na asiyeweza kungoja hadi jioni hawezi kungoja mwaka mzima.

Kwenye dagaa mambo ni yale yale, isipokuwa kinachombana mtu hapa ni jua na mvua. Dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza, na kazi ya kuwaanika hufanywa zaidi na wanawake. Wakianikwa kwenye vichanja hukauka wakiwa safi na huuzwa kwa ajili ya chakula, hata kuvuka mpaka kwenda Kongo. Wakianikwa mchangani, mvua moja ya ghafla inatosha kuwageuza kuwa chakula cha kuku. Tofauti kati ya bei hizo mbili ni mbao, wavu na misumari. Mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo asilimia 4 kati yake ni ya wanawake, ingeweza kulimaliza tatizo hili katika mialo mingi, mradi marejesho yafuate giza la mwezi na misimu ya mvua badala ya tarehe za ofisini.

Kanda hii imewahi kulikabili jambo kama hili na kulishinda. Katika miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma, wakiwa wamechoshwa na mizani ya wafanyabiashara, walijiunga katika ushirika chini ya uongozi wa Paul Bomani, na kufikia mwaka 1955 muungano wa vyama vyao ulikuwa umesajiliwa. Baadaye ukawa na vinu vyake vya kuchambulia pamba. Ushirika wa wavuvi ni mgumu zaidi kuusimamisha kwa sababu pamba inaweza kukaa ghalani na sangara hawezi. Ndiyo maana chama cha wavuvi kinachoanza kwa kukusanya viingilio na kununua mizani, kabla ya kupata mtambo wa barafu na umeme wa kuuendesha, kitapima samaki kwa haki kisha kitamuuza kwa bei ileile ya wakala. Boti na vizimba vya kufugia samaki vinavyokopeshwa na serikali katika miaka hii ni msaada wa kweli kwa wanaovipata, lakini kisiwani mashine moja ya barafu inayomilikiwa na wavuvi wenyewe ingewafikia hata wale wasio na chombo, kwa kuwa nusu yao hutokana na bei hiyohiyo ya samaki.