Risasi ya .22 haiishii vichakani

Huku Muheza, mkoani Tanga, wanaolinda mashamba dhidi ya nyani utawasikia wakisema kuhusu risasi ya .22, ile ndogo yenye kipenyo cha inchi 0.22 hivi: "Hiyo ya .22 ni kijirisasi tu, inaishia vichakani." Si kweli, na imani hiyo inaweza kuua mtu. Kichwa cha risasi hiyo kina gramu 2.6 hivi, lakini hutoka mtutuni kwa zaidi ya mita 300 kwa sekunde, na mtutu ukiinuliwa kinaweza kufika karibu kilomita 2. Tena hudunda: kikigonga jiwe au maji kwa mshazari, hugeuza njia na kuendelea. Nyani aliye juu ya mchungwa nyuma yake ni anga tupu, na ng'ambo kuna nyumba za watu. Mwenye kibali asubiri nyani ashuke, apige penye kichuguu au mteremko wa udongo nyuma yake.