Mninga Uliopukutika Haujafa

Kila Agosti simu yangu haipumziki. "Bwana misitu, mninga wa shambani kwangu umekufa, nisaidie kibali niukate." Wiki hii wamepiga watatu, kutoka Sikonge, Uyui na Urambo, na ushahidi wao ni uleule: hauna jani hata moja.

Jamani, mninga umepukutika, haujafa! Tabora mvua hukatika mwezi wa tano, na hatuitegemei tena mpaka Novemba. Mti hupoteza maji kupitia majani, kwa hiyo ukibaki nayo kiangazi chote ndipo utakauka kweli. Unachofanya ni kufyonza chakula kilichomo kwenye jani, kufunga pale kikonyo kinaposhikia tawi, kisha kuliacha lidondoke. Chini mizizi iko hai. Kabla hujashika shoka, kwangua kwa ukucha gome la kitawi chembamba. Ukiona ubichi wa kijani, rudi nyumbani. Nimewaona waliokata wakidhani wamepata kuni kavu, utomvu mwekundu ukachuruzika kama damu, nao wamesimama wanautazama. Wameua mti uliokua kwa miongo mingi. Inaniuma kila mara.

Na usiniletee mfano wa mwembe wa uani, kwamba wenyewe hauishiwi majani kiangazi. Huo hubadilisha majani kidogo kidogo, ni mti wa tabia nyingine kabisa.

Wanafunzi nao huniambia miti hupukutika kwa sababu ya baridi. Hiyo ni misitu ya Ulaya na Marekani ya Kaskazini, ambako mchana hufupika sana na maji ardhini huganda. Baridi yetu ya Julai haigandishi hata dimbwi. Huku kinachopukutisha ni ukame.

Wengine husema majani yanasubiri mvua. Nenda porini mwishoni mwa Septemba, kabla ya tone la kwanza, uone miti ya mitundu ilivyojaa majani machanga mekundu! Inatumia maji yaliyobaki kwenye shina na udongo wa chini, na wekundu ule hulikinga jani changa na jua kali. Warina asali wanalijua vizuri, maana mtundu huanza kuchanua majira hayohayo.

Ndiyo maana moto wa Septemba na Oktoba naupinga kwa nguvu zote: unaunguza machipukizi na maua ya nyuki. Kama ni lazima kuchoma, toa taarifa kijijini, uchome mwezi wa tano au wa sita, jioni, nyasi zikiwa bado na unyevu.