Zege haliwi gumu kwa kukauka
Wanafunzi wengi wa uhandisi huingia mwaka wa kwanza wakiamini kwamba zege huwa gumu maji yake yakikauka. Sivyo kabisa. Saruji hula maji: kampaundi zilizomo, ziitwazo kalisiamu silikati, humenyuka nayo, zikitoa joto na kuzaa fuwele pamoja na utando mgumu unaoshikamanisha mchanga na kokoto. Ndiyo maana zege hukomaa hata likiwa chini ya maji, na ndiyo maana nguzo nene iliyomwagwa jana, ukiishika leo, ina joto. Jua likilikausha mapema, mmenyuko hukatika njiani. Uso hupasuka na kutoa vumbi. Fundi anayemwagilia nguzo siku 7 mfululizo, basi, hapotezi maji, anailisha saruji. Nguvu hupimwa siku ya 28, na baada ya hapo bado hupanda taratibu.